Msiufanye Mwani Mganga

Imani imeshakaa vichwani mwa watu wengi wa mwambao, na sasa inapanda bara: mwani ni dawa. Chukua chupa ya vidonge vya mwani wa kahawia, au kopo la jeli, au pakiti ya unga. Utasoma kwamba ndani yake mna viambata vinavyoua seli za saratani, vinavyoshusha sukari na presha, vinavyoyeyusha mafuta ya tumbo na kurudisha nguvu za kiume. Utaambiwa kwamba wanasayansi wa Japani na Korea wamethibitisha. Ukisita, utapewa hoja ya kufungia mjadala: hiki ni kitu cha asili, hata kisipokusaidia hakitakudhuru. Maneno haya hayasemwi na wachuuzi peke yao. Yanarudiwa redioni, kwenye semina za lishe, nje ya misikiti na makanisa baada ya ibada, na katika makundi ya familia ya WhatsApp, tena na watu waliosoma.

Ninayapinga, na ninayapinga nikiwa mtu anayeupenda mwani na kuwaheshimu wanaoulima. Mwani wa kahawia umewapa binadamu dawa za kweli, nami nitazitaja. Lakini kila moja ya dawa hizo ilipatikana kwa njia ambayo wauza vidonge wa leo wanaikwepa: kiambata kilitengwa, kikapimwa, kikajaribiwa kwa watu, kikajulikana kinafanya nini, kwa kiasi gani, na kinamdhuru nani. Pasipo hatua hizo, kilichomo kwenye chupa ni matumaini matupu, na matumaini ya mgonjwa hayafai kuuzwa kwa bei ya dawa.

Swali ambalo lingepaswa kutangulia yote halisikiki: mwani upi? Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989, ulioanzia Paje na Jambiani kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, ni spinosum na kotonii. Aina zote mbili ni mwani mwekundu, hata pale zinapoonekana machoni kuwa za kijani au za hudhurungi. Ndizo zinazolimwa pia Pemba na Tanga, na kule Kwale katika vijiji kama Kibuyuni na Mkwiro. Kiambata chake kikuu ni karajinani, ambacho viwanda vya ng'ambo hukinunua ili kuzipa uzito dawa za meno, aiskrimu na vyakula vya maziwa. Fukoidani, ile inayosifiwa kwa saratani, haimo. Fukozanthini, inayosifiwa kwa kupunguza unene, haimo. Alginati nayo haimo.

Viambata hivyo ni vya mwani wa kahawia: kombu na wakame za Japani, mozuku ya Okinawa, kelpi za bahari za baridi za Scotland na Norway. Huku kwetu mwani wa kahawia ni zile aina za Sargassum na Turbinaria zinazoota kwenye miamba na kutupwa ufukweni na mawimbi; hazimo katika magunia yanayopimwa kwenye mizani ya mnunuzi. Wala undugu wa makundi haya mawili si wa karibu kama watu wanavyodhani. Kwa nasaba, mwani mwekundu uko karibu zaidi na mchicha wa bustanini kuliko ulivyo na mwani wa kahawia. Kwa hiyo anayeuza jeli ya kotonii kwa sifa za fukoidani anauza kitu kimoja kwa jina la kingine. Hata kama kila sifa ya fukoidani ingekuwa kweli, mnunuzi wake asingeipata.

Sasa tuuchukue mwani wa kahawia wenyewe na tuupe haki yake kamili. Fukoidani ni mnyororo mrefu wa sukari uliobeba salfeti. Aliyeitenga kwa mara ya kwanza ni Harald Kylin, mwanasayansi wa Sweden, mwaka 1913. Imechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100, na machapisho juu yake ni mengi mno. Ni kweli kwamba fukoidani ikimiminwa juu ya seli za saratani katika kisahani cha maabara, mara nyingi seli hizo huacha kugawanyika au hufa. Ni kweli pia kwamba hupunguza uvimbe na huzuia damu kuganda kwa namna inayofanana na heparini, dawa ambayo hospitali zetu huitumia kila siku.

Lakini seli zilizo uchi ndani ya kisahani huuawa na mambo mengi. Siki huziua, sabuni huziua, chumvi ikizidi huziua. Ndiyo maana daktari wa saratani haulizi tu kama kitu kinaua seli. Anauliza kama kinaweza kufika kwenye uvimbe kikiwa na nguvu ya kutosha na kuwaacha salama ini, figo na uboho wa mgonjwa. Hapo ndipo hesabu inapowakataa wauza vidonge. Katika majaribio ya kisahani, watafiti hutumia mara nyingi maikrogramu 100 za fukoidani au zaidi katika kila mililita. Watafiti wa Japani walipowanywesha watu fukoidani kisha wakapima damu yao, walichokipata kilihesabiwa kwa nanogramu. Nanogramu ni sehemu moja ya elfu ya maikrogramu. Molekuli ya fukoidani ni kubwa. Ukuta wa utumbo unairuhusu kupita kwa uchache sana. Kilichoua seli katika kisahani, kwa kiasi kile, hakifiki kwenye titi, kwenye ini wala kwenye tezi dume ya aliyekimeza.

Basi waliojaribu kwa wagonjwa walipata nini? Mwaka 2011, nchini Japani, yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 20 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wakipata tibakemia. Nusu walipewa fukoidani pamoja na dawa zao. Waliopewa walichoka kidogo kuliko wenzao, hivyo waliweza kuendelea na tibakemia kwa muda mrefu zaidi. Ni habari njema, na inastahili jaribio kubwa zaidi. Lakini angalia inasema nini: wagonjwa 20, wote wakiwa kwenye dawa za hospitali, na faida ni kuzivumilia dawa hizo za hospitali. Fukoidani ilikuwa msaidizi wa tibakemia. Anayeichukua habari hiyo na kumwambia mgonjwa aache tibakemia anywe fukoidani ameigeuza juu chini.

Hali ni hiyohiyo kwa unene. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walionyesha kwamba fukozanthini ya wakame, ikilishwa panya, huyafanya mafuta meupe ya tumboni kutengeneza protini inayochoma mafuta na kutoa joto. Ni ugunduzi mzuri, na wenyewe waliueleza kuwa ni wa panya. Safari kutoka kwa panya hadi kwa mama wa Kariakoo anayelipia chupa kwa fedha ya kikoba haijakamilika hata leo. Wapo waliojaribu kiambata kingine, alginati, kwa watu wenye unene uliozidi huko Copenhagen, matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Watu 96 waliingia, wote wakiwekwa kwenye mlo wa kujipunguza kwa wiki 12, nusu wakinywa alginati kabla ya kula na nusu wakinywa kinywaji kisicho nayo. Miongoni mwa 80 waliofika mwisho, wa alginati walipungua wastani wa kilo 6.78 na wenzao kilo 5.04. Walipohesabiwa wote walioanza, tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Mimi naona funzo kubwa liko katika nambari ya pili: watu ambao hawakugusa alginati walipunguza kilo 5 kwa kula kidogo.

Ukifika hapa, mtetezi wa mwani huiacha maabara na kukimbilia Japani. Wajapani wanakula mwani kila siku, anasema, na wanaishi miaka mingi. Unataka ushahidi gani tena? Nataka ushahidi wote, pamoja na ule asioupenda. Okinawa ndiyo inayotajwa zaidi kwa wazee wake. Wazee walioipa sifa hiyo walikulia kwenye viazi vitamu, ambavyo mpaka mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilitoa zaidi ya nusu ya nguvu ya mlo wao. Kilimo cha mozuku kilishamiri baadaye, na leo mkoa huo hutoa zaidi ya asilimia 90 ya mozuku yote ya Japani. Hata hivyo wanaume wa Okinawa, waliokuwa wa 4 kwa umri wa kuishi kati ya mikoa 47 mwaka 1995, walishuka hadi nafasi ya 26 mwaka 2000. Mozuku ilikuwa palepale. Kilichobadilika ni sahani nzima na maisha yote: nyama za makopo, vyakula vya kukaanga, migahawa ya chakula cha haraka, na kupanda gari hata kwa safari fupi.

Japani hiyohiyo inayokula mwani kuliko karibu mataifa yote ni mojawapo ya nchi zenye saratani ya tumbo kwa wingi mkubwa. Sisemi kwamba mwani ndio unaileta. Bakteria wa tumboni na vyakula vya chumvi nyingi vina mchango wao unaojulikana. Nasema kwamba kama mwani ungekuwa kinga ya saratani kwa kiwango tunachoambiwa, tungetarajia kuiona kinga hiyo hapo kwanza. Upo utafiti mkubwa wa afya ya umma wa huko, uliowafuatilia makumi ya maelfu ya watu kwa miaka mingi. Mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokula mwani mara kwa mara walipata maradhi ya moyo yatokanayo na mishipa kuziba kwa kiasi kidogo kuliko wasioula. Nalipokea hilo kwa furaha, na ni sababu nzuri ya kuuweka mwani mezani. Utafiti uo huo, mwaka 2012, ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha kukoma hedhi na wanaokula mwani karibu kila siku walipata zaidi saratani ya tezi ya shingo. Mwenye kuleta ushahidi wa Japani barazani aulete mzima.

Na hilo linanifikisha kwenye kauli ninayoiona ya hatari kuliko zote: ni cha asili, hakidhuru. Mwani wa kahawia hufyonza madini joto kutoka baharini kwa nguvu isiyo na mfano katika mimea. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Mjamzito anahitaji 250. Mwaka 2004 watafiti waliopima bidhaa za mwani zinazouzwa madukani walikuta kiasi kinachoanzia maikrogramu 16 katika gramu moja ya nori, ambayo ni mwani mwekundu, hadi 8,165 katika gramu moja ya chembechembe za kelpi. Piga hesabu: gramu moja ya kelpi hizo imebeba mahitaji ya mtu mzima ya zaidi ya siku 54. Tezi ya shingo ikimwagiwa kiasi hicho kila siku inaweza kufanya kazi kupita kiasi, moyo ukaenda mbio na mwili ukakonda; au inaweza kuzimika, mtu akavimba, akachoka na kuhisi baridi. Mwaka 2009 huko Australia maziwa ya soya yaliyotiwa kombu yaliondolewa sokoni baada ya wanywaji wake kuugua tezi. Hakuna aliyeyatia sumu. Yalikuwa na kitu cha asili kilichozidi.

Iko pia hijiki, mwani wa kahawia unaoliwa Japani, ambao hukusanya aseniki ya ile aina yenye sumu. Kanada ilianza kuwaonya watu wake wasiile mwaka 2001, Uingereza ikafuata mwaka 2004. Na kumbuka fukoidani inazuia damu kuganda. Mgonjwa wa moyo anayetumia warfarini, au mama anayesubiri kufanyiwa upasuaji, anapoongezewa vidonge vya fukoidani bila daktari wake kujua, anaongezewa hatari ya kuvuja damu. Watu wa pwani wanajua vizuri kwamba bahari ina samaki wa kuliwa na bunju wa kuua, na wote wawili ni wa asili. Maarifa hayo tuliyorithi kwa wavuvi, kwa nini tunayaweka kando tunapofika kwenye chupa ya vidonge?

Wapo watakaosema haya ni maneno ya kampuni kubwa za dawa, ambazo zinauficha mwani kwa kuwa hauwezi kumilikiwa. Madai hayo hayasimami mbele ya duka la dawa la kawaida. Mwaka 1881 mkemia Mwingereza, E. C. C. Stanford, alipata hati miliki ya kutoa alginati katika kelpi za Scotland. Leo ukienda duka la dawa na kiungulia, moja ya dawa utakazopewa ni ya maji mazito yenye alginati na magadi. Ikikutana na asidi ya tumbo, alginati huganda kuwa utando laini, magadi hutoa mapovu ya gesi, na utando ule ukaelea juu ya chakula na kuizuia asidi isipande kooni. Kidonda chenye majimaji mengi hufunikwa kwa bandeji ya nyuzi za alginati: kalsiamu iliyomo hubadilishana nafasi na sodiamu ya majimaji ya kidonda, bandeji ikageuka ute, ikanyonya unyevu na kusaidia damu kukatika. Madaktari wa meno huchukua umbo la kinywa kwa unga wa alginati. Vijiti vya shina la kelpi aina ya Laminaria, vinavyovimba polepole vikinyonya maji, vimetumiwa na wakunga na madaktari tangu karne ya 19 kufungua mlango wa kizazi. Kampuni zinazodaiwa kuuogopa mwani zimekuwa zikiuuza kwa miongo mingi.

Na pale mwani ulipoahidi kitu kikubwa zaidi, fedha zilimwagwa. Mwaka 2019 China iliruhusu kwa masharti dawa ya ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer iliyotengenezwa kwa sukari fupi za mwani wa kahawia, baada ya jaribio la wagonjwa 818. Madaktari wengi wa nje waliyatilia shaka matokeo, wakataka jaribio jingine. Lilianza jaribio kubwa la kimataifa, likasimamishwa mwaka 2022 kabla ya kukamilika. Sijui ushahidi bora wa kuonyesha kwamba hakuna njama. Kiambata cha mwani kilipewa nafasi, mtaji, na wagonjwa wa nchi nyingi, kisha jaribio likasimama kabla ya kuthibitisha walichotarajia, na dunia ikajulishwa. Vidonge vya kwetu havijawahi kushindwa kwa sababu havijawahi kuingizwa katika mtihani wowote. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa iliyothibitishwa haihitaji wakala wa kuitembeza nyumba kwa nyumba na ushuhuda wa mtu asiyejulikana.

Kama tunataka kuona mwani ukiponya kweli, hadithi tunayo, na ni kubwa kuliko zote zinazosimuliwa kwenye semina. Tangu karne ya 4 waganga wa China waliandika juu ya kutibu rovu kwa mwani. Walikuwa sahihi, ila hawakuweza kusema ni kitu gani ndani yake kinachotibu wala kipimo chake. Mwaka 1811, huko Paris, Bernard Courtois alikuwa akitumia majivu ya mwani kutengenezea chumvi ya baruti kwa ajili ya vita vya Napoleon. Alipozidisha asidi, ukapanda mvuke wa zambarau, ukaganda kuwa fuwele nyeusi zenye kumeremeta. Hayo ndiyo madini joto. Mwaka 1820 daktari wa Geneva, Jean-François Coindet, aliwapa wagonjwa wa rovu, na uvimbe ukanywea. Dawa ileile ilipomezwa kiholela iliwadhuru baadhi ya watu, mabishano yakazuka, na ikabidi madaktari wajifunze kipimo. Ilichukua karne nyingine kufika kwenye njia rahisi na salama: Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, Marekani ikafuata mwaka 1924, na Tanzania ikaifanya kuwa sharti katika miaka ya 1990. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako rovu lilikuwa jambo la kawaida shingoni mwa mama na binti, chumvi hiyo ya bei ndogo imewaokoa watoto wasiohesabika kutoka kwenye kudumaa akili.

Zanzibar yenyewe ina somo lake hapa, na linaumiza. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba watu wa visiwani, waliozungukwa na bahari na kula samaki, hawawezi kukosa madini joto. Watafiti walipopima na kuchapisha matokeo mwaka 2006, waligundua upungufu upo Unguja na Pemba, na Pemba ulikuwa mkubwa zaidi. Chumvi iliyokuwa ikiliwa ilitengenezwa palepale bila kutiwa madini hayo. Watoto wa kisiwa waliishi hatua chache kutoka kwenye miamba yenye mwani wa kahawia, na miili yao ilikosa kitu ambacho mwani huo unacho kwa wingi. Kukaa karibu na dawa hakutibu. Kinachotibu ni maarifa yanayoitoa baharini, yanayoipima na kuifikisha kwenye chungu cha kila nyumba kwa kiasi kilekile kila siku.

Linganisha kazi hiyo na tangazo maarufu la kwamba mwani una madini 92 kati ya 102 yanayohitajiwa na mwili. Elementi zinazojulikana ni 118. Mwili wa binadamu unahitaji ishirini na chache. Kama kitu kingekuwa na elementi 92, baadhi zake lazima zingekuwa risasi, zebaki, kadmiamu na aseniki. Tangazo hilo halikosei kwa bahati mbaya kidogo tu. Limejengwa na mtu asiyejua au asiyejali, na anayelirudia mbele ya wagonjwa anabeba dhamana ya kulichunguza kwanza.

Nani analipia makosa haya? Kwanza ni mgonjwa. Madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wamesema kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wao wengi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo kilichokuwa kinatibika kimekuwa cha kutulizwa maumivu. Umbali, umaskini na hofu vina sehemu kubwa, lakini miezi inayopotea kwenye vidonge na majeli nayo ni sehemu. Mfa maji haachi kutapatapa, na simlaumu mwenye uvimbe kwa kushika chochote kinachopita mbele yake. Namlaumu anayempitishia kitu hicho kwa fedha huku akijua hakielei.

Wa pili ni mkulima. Wanawake wa Zanzibar, ambao ndio wengi katika kilimo hiki, wanasimama ndani ya maji ya chumvi kila bamvua, migongo ikiinama, jua likiwachoma. Kotonii yenye bei nzuri imekuwa ikifa maji yanapopata joto, na wengi wamebaki na spinosum inayolipa kidogo. Wamejifunza kutengeneza sabuni, juisi na vyakula, na utafiti wa watu kama Keto Mshigeni tangu miaka ya 1970 na Flower Msuya baada yake umewapa zao hili heshima ya kisayansi. Wanachohitaji sasa ni mbegu zinazostahimili joto, vyombo vya kwenda maji ya kina, viwanda vya karibu na bei ya haki. Sifa za uongo haziwapi hata kimoja. Siku watu watakapodhurika na kopo lisilopimwa, jina litakalochafuka ni la mwani wote, na soko litakalofungwa ni la mama aliyelima kwa uaminifu.

Kwa hiyo nadai mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila bidhaa ya mwani iandikwe ni aina gani, imevunwa wapi, na ina maikrogramu ngapi za madini joto kwa kila kipimo. Bidhaa isiyo na hayo isipande rafuni. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na wenzao wa Zanzibar na Kenya wamtake kila anayetaja saratani, kisukari au presha kwenye kopo aonyeshe jaribio lililofanywa kwa watu, na asipokuwa nalo afute maneno hayo. Redio zinazopokea fedha za matangazo haya ziyapitishe kwanza kwa mtaalamu wa dawa. Wahudumu wa afya wawaulize wagonjwa bila kuwakemea: unatumia dawa gani nyingine nyumbani? Na vyuo vikuu vyetu viuchunguze Sargassum na Turbinaria wa miamba yetu kwa subira ileile iliyotupatia alginati na madini joto, kwa kuwa siamini kwamba mema ya mwani wa kahawia yamekwisha kugunduliwa.

Msomaji anayependa mwani aule, kwa kiasi, kama chakula, akiijua aina anayokula. Mwenye tezi, mjamzito, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu amuulize daktari kwanza. Na mwenye uvimbe asiouelewa, mwenye damu inayotoka isipopaswa kutoka, mwenye kidonda kisichopona, achukue ile fedha aliyotaka kununulia chupa ailipie nauli ya hospitali wiki hii hii.